Pole Nyingi, Zamu Hakuna

Ujumbe wa shangazi ulikuwa mfupi: "Jumanne naenda kung'oa jino. Nani atakaa na bibi, saa nne mpaka saa saba?" Aliutuma kwenye kundi la familia, watu 21. Haikupita nusu saa skrini ilikuwa imejaa. Pole sana dada. Pole shangazi, Mungu akupe nguvu. Viganja vilivyounganishwa, mioyo myekundu. Binamu mmoja akaweka sala ndefu aliyoinakili mahali. Mimi niliandika, "Pole sana shangazi, wewe ndiye nguzo yetu." Nilizihesabu baadaye: pole 14. Jumanne ilipofika, nguzo yetu ilimeza vidonge vya maumivu ikabaki nyumbani, shavu limevimba, inamgeuza bibi ubavu.

Nimeitafakari ile Jumanne kwa miaka kadhaa sasa. Kila nisomapo mpango wa kusaidia wazee na wanaowatunza, uwe wa mtaa, wa nyumba ya ibada, wa shirika au wa serikali, najikuta nauliza swali lilelile la shangazi. Nani atakaa naye, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi? Mpango ukiwa na jibu, huo ni msaada. Usipokuwa nalo, hata ukizinduliwa kwa fulana na mabango, ni pole iliyovaa suti.

Nianze na kazi yenyewe, maana wengi wanaoisifu hawajawahi kuifanya usiku. Mtu aliyepigwa na kiharusi, asiyeweza kujigeuza kitandani, kwa kanuni iliyozoeleka ya uuguzi hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, ili ngozi ya makalio, nyonga na visigino isigandamizwe hadi ikafa na kuwa kidonda. Sasa fanya hesabu. Unalala saa nne usiku, unaamka saa sita, unaamka saa nane, unaamka saa kumi, na saa kumi na mbili kumekucha. Na kuamka kwenyewe si kugeuza tu. Kuna kupapasa shuka kama limelowa, kuna kubadilisha, kuna kukausha na kupaka mafuta, halafu kuna mgonjwa ambaye sasa usingizi umemruka na anataka mazungumzo. Shangazi alikuwa na daftari la shule alilolipiga mistari kwa rula: saa, ubavu, dawa, choo, maneno. Safu ya mwisho ilikuwa ya yale aliyoyasema bibi. "Saa nane na dakika kumi, kushoto, hakuna, kidogo, anamwita marehemu babu." Kurasa kwa kurasa za namna hiyo. Nesi mmoja aliyepita kumwona bibi alilifunua akasema hajaona kumbukumbu safi vile hata wodini. Aliyeziandika alikuwa hajalala zaidi ya saa 2 mfululizo kwa miezi saba.

Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwaka 2018 hesabu iliyotokana na takwimu za matumizi ya muda katika nchi 64: kazi za nyumbani na za matunzo zisizolipwa zinakula saa bilioni 16.4 kila siku. Ni kama watu bilioni 2 wafanye kazi saa 8 kwa siku bila kulipwa hata senti. Asilimia 76.2 ya saa hizo ni za wanawake. Humo wamo watoto, kupika na kufua, si wazee peke yao. Lakini chukua kundi moja tu, la watu wenye maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Shirika la Afya Duniani linasema ndugu na marafiki wanaowatunza hutumia wastani wa saa 5 kila siku kuwahudumia na kuwaangalia. Linasema pia kwamba maradhi hayo yaliigharimu dunia dola trilioni 1.3 mwaka 2019, na karibu nusu ya fedha hizo ni thamani ya kazi ya hao wasiolipwa. Yaani kama wangegoma wote siku moja, hakuna hazina ya serikali ambayo ingeweza kuajiri watu wa kuziba pengo.

Hawagomi, bila shaka. Ukigoma, mzee analala kwenye mkojo.

Hapo ndipo ulipo udhaifu wao kama kundi la watu wenye haki ya kudai. Mfanyakazi wa kiwanda akiweka nyundo chini, hasara ni ya tajiri. Mtunzaji akiweka beseni chini, hasara ni ya mama yake. Kwa hiyo wanaopanga bajeti wanajua, hata kama hawasemi, kwamba kazi hii itafanyika tu, kwa fedha au bila fedha, na upendo umegeuzwa kuwa sababu ya kutolipia kitu. Mtu akilalamika anaulizwa, kwani humpendi mzazi wako?

Jina nalo lina kazi yake. Kiswahili kinamjua muuguzi, mwenye cheti na sare. Anayemuuguza mama yake sebuleni tunamwita mlezi, mtunzaji, mhudumu, au "yule binti aliyebaki nyumbani". Asiyejulikana aitweje ni vigumu kuhesabiwa. Uingereza, mwaka 1954, mchungaji wa kanisa aitwaye Mary Webster aliacha kazi akiwa na miaka 31 ili kuwatunza wazazi wake. Hakuwa ameolewa. Mwaka 1963 akaandika barua magazetini akitaka hali ya wanawake kama yeye itambuliwe: walioacha ajira, wasio na kipato, ambao uzee wao wenyewe ulikuwa ukisogea bila akiba. Barua za wenzake zikammiminikia. Kila mmoja alikuwa amedhani hayo ni yake peke yake, jambo la nyumbani kwao, bahati tu iliyomwangukia. Mwaka 1965 wakaanzisha baraza lao, mwaka 1967 wakapata nafuu ya kodi, na mwaka 1976 ikaja posho ya kwanza ya serikali kwa anayeacha kazi ili kumtunza mgonjwa.

Lakini ile posho ilikuwa na mlango uliofungwa. Mwanamke mwenye mume, au anayeishi na mwanamume, hakuistahili. Hoja ya watunga sheria ilikuwa kwamba huyo angekuwa nyumbani vyovyote vile. Isome tena hoja hiyo polepole. Mwanamke mmoja, Jacqueline Drake, aliyeacha kazi mwaka 1984 ili amtunze mama yake, akanyimwa kwa sababu hiyohiyo, akaenda mahakamani. Shauri likafika hadi Mahakama ya Haki ya Ulaya, ambayo mwaka 1986 iliamua kuwa huo ni ubaguzi, na wake za watu wakaanza kulipwa. Miaka 10 nzima ilipita kati ya posho kuanzishwa na mke wa mtu kuhesabiwa kuwa naye anafanya kazi. Ninaitaja kesi hii kila ninaposikia mtu akisema utetezi ni kelele za mikutano. Ule ulikuwa mtu mmoja na fomu iliyokataliwa.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo wanaharakati wengi hawapendi kulijadili kwa undani: fedha. Dai la kwanza linalokuja mdomoni ni "walipwe". Nami nakubali walipwe. Ila kuna nchi mbili zilizokaa na swali hili zikatoka na majibu yanayopingana, na ubishi wao unatufundisha zaidi ya kaulimbiu.

Ujerumani ilianzisha bima ya matunzo mwaka 1995. Mtu akishapimwa na kupangiwa daraja la uhitaji, anachagua. Anaweza kuletewa mhudumu wa kulipwa nyumbani, au akachukua fedha taslimu ampe nduguye anayemhudumia. Fedha hizo ni kidogo kuliko thamani ya huduma ambayo angeletewa, na bado familia nyingi zimekuwa zikichukua fedha. Kuna mambo mawili ya busara humo ambayo watu huyasahau: bima inaweza kumchangia mtunzaji pensheni, na inalipia mtu wa kushika nafasi yake akiugua au akienda likizo. Hilo la pili ndilo zamu iliyoandikwa kwenye sheria.

Japani walipokuwa wakijadili bima yao, iliyoanza Aprili 2000 na kumtoza kila mkazi kuanzia miaka 40, suala la fedha taslimu liliwekwa mezani pia. Waliolipinga kwa nguvu walikuwa wanawake. Higuchi Keiko na wenzake, waliokuwa na chama chao tangu 1983 cha kupigania uzee ulio bora, waliona hatari ambayo wanaume kwenye kamati hawakuiona. Aliyekuwa akiwauguza wazee wa nyumba alikuwa mara nyingi mke wa mtoto wa kiume. Mpe posho, walisema, na umemfunga kamba. Jana alikuwa na haki ya kulalamika kwamba amechoka. Leo ataambiwa si unalipwa? Japani ikaamua, kimsingi, kutoa huduma badala ya fedha. Gari dogo linakuja asubuhi, linamchukua mzee, anashinda kituoni, anaogeshwa, anakula, ana watu wa kuzungumza nao, jioni anarudishwa. Mkwe ana siku.

Mimi nimeegemea upande wa Higuchi, lakini si kwa moyo wote. Aliyeacha ajira hana mshahara, na huwezi kumwambia ale zamu. Pia kuna wazee ambao hawataki mtu baki awaguse, na huko Ujerumani nyumba zinazochukua fedha zinasema hivyo waziwazi. Ninachosema ni kuwa fedha isiyonunua saa ina tabia ya kugeuka kuwa mshahara mdogo wa kifungo kirefu. Halafu fedha ni rahisi kukatwa. Hispania ilipitisha sheria mwaka 2006 iliyokusudia huduma ziwe ndiyo kanuni na malipo kwa ndugu yawe nadra. Huduma zikawa haba, malipo yakawa jambo la kawaida. Na bajeti ilipobana mwaka 2012, serikali ikaacha kuwalipia watunzaji michango yao ya hifadhi ya jamii hadi mwaka 2019. Kituo cha mchana chenye gari, wafanyakazi na wazee 30 wanaoijua njia yake ni vigumu zaidi kukifunga kimyakimya. Watu wataona gari halijaja.

Turudi mtaani, kwa sababu wengi wetu hatutungi sheria. Huko ndiko pole inakozaliana.

Sentensi inayofanya madhara makubwa kuliko zote inatamkwa kwa nia njema kabisa: "Ukihitaji chochote, usisite kusema." Iangalie vizuri. Inampa aliyechoka kazi mpya. Afikirie anahitaji nini, akupime wewe unaweza nini, avumilie aibu ya kuomba, na awe tayari kukataliwa. Ndiyo maana hasemi. Halafu sisi tunasema, mbona hajawahi kuomba msaada, anaweza yule. Shangazi aliomba mara moja tu, kwa siku na saa, jambo ambalo wataalamu wote wa mambo haya wangempigia makofi. Na bado tuliugeuza ujumbe wake kuwa mahali pa kupima nani ana huruma zaidi.

Nimeona vikundi vya majirani vikianza kwa shangwe na kufa ndani ya miezi mitatu, na karibu vyote vinakufa kwa ugonjwa mmoja: wanatembelea badala ya kupokea zamu. Watu watano wanafika kwa pamoja alasiri, wanakaa, mtunzaji anatafuta viti, anachemsha chai, anasimulia upya mgonjwa alivyoanza kuugua, anawasindikiza. Wakiondoka ana vikombe vya kuosha. Ukipima kwa saa, ziara ile imemnyang'anya saa 2. Watu walewale watano, kila mmoja akichukua siku moja peke yake kwa saa 3, wangempa saa 15 kwa wiki. Kuna daktari wa nafsi ninayemfahamu husema saa 15 kwa wiki ni tofauti kati ya mtu anayetunza na mtu anayeanza kuugua naye. Sina kipimo cha kuthibitisha kauli yake, lakini kwenye lile dodoso maarufu la maswali 22 la kupima mzigo wa mtunzaji, lililotokana na kazi ya Steven Zarit na wenzake mwaka 1980, mojawapo ya maswali ya mwanzoni ni kama unaona muda unaotumia na mgonjwa wako umekunyima muda wako mwenyewe.

Kwa nini basi hatuchukui zamu? Uvivu ni jibu la haraka, nami siliamini sana. Tunaogopa mwili. Kukaa na mzee maana yake huenda akataka choo, na hatujui tumshike wapi. Binti hajui amvue vipi baba wa jirani, kijana hajui la kufanya bibi akimwita kwa jina la mtu aliyekufa. Hofu hii inatibika, na haihitaji chuo. Japani, tangu mwaka 2005, wana mafunzo ya dakika 90 tu kwa watu wa kawaida: makarani wa benki, madereva wa basi, wanafunzi. Wanaelezwa maradhi ya kumbukumbu ni nini na namna ya kumsogelea aliyepotea njia bila kumtisha. Wanaohitimu wamepita milioni 10. Dakika 90 hazimfanyi mtu nesi. Zinamfanya asikimbie, na mara nyingi hicho ndicho kinachotakiwa.

Mafunzo ya watunzaji wenyewe ni suala jingine, na hapa nina kinyongo kidogo. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya mtandaoni kwa wanaowatunza wenye maradhi ya kumbukumbu, yanaitwa iSupport, na yana faida yake kwamba mtu anajifunza kwake, saa yake. Lakini semina za siku mbili ukumbini! Niliwahi kualikwa kuzungumza kwenye moja. Kati ya waliohudhuria, watunzaji halisi walikuwa wachache sana. Wengi walikuwa maofisa wa mashirika na wanaohudhuria semina zote. Nilipouliza watunzaji wako wapi, mwandaaji alinijibu kwa mshangao wa kweli: "Waliitwa, ila walisema hawana wa kuwaachia wagonjwa." Hakuna aliyekuwa ameliweka hilo kwenye bajeti. Kulikuwa na fungu la mikoba.

Linganisha na alichofanya mwanasaikolojia wa Uholanzi, Bère Miesen, mjini Leiden mwaka 1997. Alianzisha jioni za mazungumzo, mara moja kwa mwezi, kwa watu wenye Alzheimer (moja ya yale maradhi ya kupoteza kumbukumbu), ndugu zao na wataalamu, wote chumba kimoja, na vinywaji na muziki kidogo. Mtindo huo umeenea nchi nyingi. Watu husifu ukarimu wake, mimi nasifu hesabu yake: mgonjwa anakuja pia. Hakuna haja ya kumtafuta wa kubaki nyumbani. Tatizo la shangazi limetatuliwa kabla ya mkutano kuanza.

Lazima niseme pia jambo la usalama, kwa ufupi, kwa kuwa wanaopinga zamu za majirani hulitumia kama ngao. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 mwenye miaka 60 na zaidi hutendewa ubaya wa namna fulani katika mwaka mmoja akiwa kwenye jamii yake. Kwa hiyo ndiyo, wanaoingia nyumbani kwa mzee wajulikane, waandikwe, ikiwezekana wawe wawili mwanzoni, na funguo na fedha visiwe mikononi mwao. Lakini nyumba ambayo haingii mtu ndiyo iliyo hatarini zaidi. Mkono uliochoka kwa miezi saba bila usingizi unaweza kumvuta mzee kwa nguvu kuliko ulivyokusudia, na hakuna wa kuona.

Hapo tumefika mahali pagumu. Tunasema "wazee na watunzaji wao" kana kwamba ni mtu mmoja mwenye vichwa viwili. Maslahi yao hugongana. Mtunzaji anataka mzee aende kituo cha mchana. Mzee anataka kubaki na dirisha lake. Mtunzaji anataka mlango ufungwe usiku. Mzee anaona amefungiwa. Nimeshuhudia mzee mmoja wa miaka 80 na kitu akihojiwa ili apangiwe saa za mhudumu. Unaweza kuvaa mwenyewe? Naweza. Kuoga? Naweza. Kupanda ngazi? Alicheka: hata sasa hivi. Binti yake, ambaye asubuhi ile alikuwa amemvisha soksi, suruali na shati na kumfunga vifungo kimoja kimoja, alikuwa nyuma ya kiti akitikisa kichwa na machozi yakimlengalenga. Saa zilizotolewa zilikuwa chache mno. Ungemlaumu nani? Mzee alikuwa anatetea kitu chake, hadhi ya kuitwa mtu mzima mbele ya mgeni mwenye kalamu. Binti alikuwa anatetea mgongo wake. Mhojaji mwenye akili angewauliza kila mmoja chumba chake, na asingeuliza "unaweza?" bali "jana ulivaaje?"

Utetezi wa wazee una historia ndefu ya watu wengine kuwasemea. Maggie Kuhn, Mmarekani aliyestaafishwa kwa lazima na kanisa alilolitumikia alipofika miaka 65, alianzisha na marafiki zake mwaka 1970 harakati iliyokuja kuitwa Gray Panthers, na sharti lake moja lilikuwa wazee na vijana wapiganie pamoja, mzee akiwa mbele ya hoja na si kwenye picha ya bango. Umoja wa Mataifa ulipopitisha Kanuni zake kwa ajili ya wazee mwaka 1991 uliweka matunzo kuwa moja ya mafungu matano. Mengine ni uhuru, ushiriki, kujiendeleza na heshima. Wapangaji wengi husoma fungu moja. Na mzee hana upande mmoja tu katika jambo hili. Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wazee, iliyopitishwa Januari 2016 na kuanza kutumika Novemba 2024, ina kifungu mahsusi cha kuwasaidia wazee wanaolea watoto walio katika mazingira magumu. Bibi wa miaka 70 anayemuuguza mume wa miaka 78 huku akilea mjukuu ni mzee, ni mtunzaji na ni mlezi. Nani atapokea zamu yake? Aprili 2025 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliamua kuunda kikundi kazi cha serikali kuandika mkataba wa dunia nzima kuhusu haki za wazee. Itachukua miaka. Ningependa mtu kwenye chumba kile aulize kuhusu saa nane usiku.

Kuhusu waajiri nitasema neno moja: likizo ya matunzo isiyolipwa ni ruhusa ya kuwa maskini kwa heshima. Na kuhusu vifaa vinavyolia mzee akianguka, ni vizuri, vinunuliwe, ila kuna mtu lazima asikie mlio.

Namalizia pale nilipoanzia, kwa sababu jino la shangazi liling'olewa hatimaye. Wiki tatu baada ya zile pole 14, jirani, mwalimu mstaafu ambaye hakuwa hata kwenye lile kundi letu, alimwona dukani ameshika shavu. Hakumwambia pole. Alimwuliza miadi ni lini, kisha akasema: "Jumanne nitafika saa nne kasorobo. Nionyeshe anavyogeuzwa, halafu wewe nenda." Akaja na miwani yake na gazeti. Akaonyeshwa mto unavyowekwa kati ya magoti, akaonyeshwa daftari, akashika zamu.

Shangazi alirudi saa saba kasoro, pamba mdomoni, akakuta kitanda kimehamishwa. Kichwa kilikuwa ukutani tangu siku ya kwanza, ili nyaya za taa zifike. Sasa kilikuwa upande wa pili, na bibi amelala ubavu wa kulia anatazama mlangoni, kule watu wanakopita. Jirani alikuwa amemwuliza anataka nini, na bibi, ambaye sote tulikuwa tumekubaliana kwamba hazungumzi mambo ya maana tena, alikuwa amesema. Daftarini, safu ya mwisho, kwa mwandiko wa ubaoni ulionyooka: "Saa tano na nusu. Kulia. Amechoka kuangalia ukuta."

Shangazi alisimama na pamba yake mdomoni, hawezi kuongea, akaanza kutafuta waya mrefu zaidi wa taa.